Masikio ya Aliyeshuka Ndege

Watu wa mtaa wetu wananiita Alhaji Badamasi, na mimi huitika. Lakini miaka ya mwanzo niliitika huku nikiangalia chini, kwa sababu Makka sikuwa nimeiona. Nilikuwa nimefika uwanja wa ndege wa Kano tu, basi, na uwanja wenyewe nimezaliwa kando yake.

Shule yangu ni ya vipande: miaka miwili chuoni kwa malam, mwalimu wa Kurani, mmoja na nusu shule ya serikali, na kusoma kwingine nimekuokota kwenye vibandiko vya mizigo. Kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema, na nikikosea mahali, endelea tu.

Baba yangu, Malam Barau, alikuwa mpiga kakaki wa uwanja. Kakaki ni baragumu la bati, refu kumpita mwanamume mrefu, na kwa kawaida hupigiwa Emir, mtawala wa Kano, peke yake. Baba alipoanza kazi, kabla ya vita vya Hitler, uwanja ulikuwa shamba la karanga lililosawazishwa kwa majembe, kibanda kimoja cha udongo, mapipa ya mafuta, na tangi la maji juu ya miguu minne ya chuma. Ndege ilikuja mara moja kwa wiki, ikichelewa siku mbili. Mzungu mkuu wa uwanja hakutaka kengele. Alitaka kitu ambacho abiria wake wangekwenda kukisimulia kwao. Akaomba ruhusa kwa wakubwa, akapewa; Baba akapandishwa juu ya ngamia, akaambiwa apulize ndege ikija na apulize ikiondoka. Yule ngamia wachukuzi walimwita Meja, kwa sababu alikuwa na dharau na hakutaka kuguswa asubuhi.

Baada ya vita likajengwa jengo la maana. Chini, ukumbi wa kungojea wenye mapangaboi, mizani ya mizigo, dirisha la pasipoti. Juu, mkahawa wa wakubwa na roshani ndefu ambapo watu wa mjini walikuja Jumapili kutazama ndege kama watu wanavyotazama mpira. Ndege za Ulaya zilisimama kwetu kunywa mafuta kabla ya kuvuka jangwa. Sisi watoto wa wafanyakazi tuliishi nyuma ya ghala, na mambo ya uwanja tuliyajua kama watoto wa mkulima wanavyojua mvua.

Baba alinifundisha mambo mawili ambayo sikuyasahau. La kwanza: wakati wa kipupwe, vumbi la jangwani likishuka, simama mlangoni kwa kantini. Ukiliona tangi la maji, ndege itaruka. Usipoliona, kaa chini, agiza chai, hakuna rubani atakayegusa injini.

La pili lilikuwa la masikio.

"Mtu akishuka ndege," aliniambia, "masikio yake yameziba. Anapiga kelele kama anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto, na mwenyewe hajui. Ukitaka kujua nani amesafiri na nani amekuja kupokea, usiangalie nguo. Sikiliza."

Mara moja alimkamata mwizi wa masanduku kwa hilo. Jamaa alivaa suti, akajichanganya na abiria waliotoka London, akamwambia mchukuzi kwa sauti ya taratibu kabisa, "Ndugu, nisaidie sanduku lile." Baba alikuwa juu ya Meja. Akasema, "Mshikeni huyo. Anaongea kama mtu aliyelala kwake."

Miaka ikaenda. Zikaja ndege zisizo na propela, vikaja na vipaza sauti vya ukutani. Meja akafa, nafasi yake ikajazwa na bendera. Baba akastaafu na baragumu lake, maana hakuna aliyelitaka. Lakini kitu kimoja kilimkaa moyoni. Kila mwaka, tangu waanze kusafirisha mahujaji kwa ndege, aliwapulizia kwenda na kuwapulizia kurudi. Maelfu. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda hata ngazi. Akajibana miaka kumi na tisa mpaka akapata kiti. Na mwaka alipokipata, macho yakawa yamekwisha. Vumbi la uwanja lilikuwa limeyala. Daktari wa kambi ya mahujaji akamshika bega akamwambia, "Mzee, utakanyagwa kule."

Baba hakulia. Alirudi nyumbani ameshika mkono wangu, akaketi, akasema:

"Badamasi, kiti ni chako. Mimi nataka kitu kimoja. Siku ya Arafa, usimame, ulitaje jina langu. Barau mwana wa Tanko, aliyepuliza. Useme hivyo. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Mimi nitakuja siku ya kurudi. Nitakupulizia wewe."

Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu. Mtaa mzima ulinisindikiza kambini kwa ngoma, wanawake wakipiga vigelegele, na ukimwona mtu akisindikizwa hivyo kwetu, ujue harudi ila na jina jipya.

Kambi ya mahujaji ilikuwa kando ya uwanja: mabanda marefu ya mabati, mabomba ya maji mstari mmoja, msikiti usio na kuta, na mizani ile ile ya zamani iliyohamishwa kutoka jengo kuu. Siku mbili tulilala pale. Wengi walikuwa watu wa vijijini ambao hawajawahi kuona ngazi, sembuse ndege. Kila mmoja ana birika lake la kutawadhia, lina jina kwa rangi, na bangili ya plastiki yenye namba ya ndege. Wanauliza kila kitu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijua kila kitu.

"Choo cha ndege kikoje?"

"Kinavuta. Usikae sana."

"Ukitaka hewa unafungua dirisha?"

"Wewe fungua, utafika Makka kabla yetu."

Wakacheka, wakanikusanyikia. Nikawaonyesha alipokuwa akifungwa Meja. Nikawasimulia mwizi wa suti. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja mtu mzima kutoka upande wa Hadejia, mjane, anaitwa Delu. Watu walimwita Inna Delu, Mama Delu. Alikuwa mwembamba, mdomo wake haukosi neno, na birika lake alilifunga kamba kiunoni asiibiwe. Akanipenda mara moja, kama mtu anavyompenda anayejua njia.

"Mimi mguu wangu uko nyuma ya mguu wako," aliniambia. "Ukikaa nakaa. Ukienda naenda. Usinipoteze, mwana wa mpiga baragumu."

"Inna, huwezi kupotea ukiwa na mimi. Hapa ni kwetu."

Asubuhi ya safari vumbi lilishuka. Si vumbi la mchezo. Jua lilikuwa kama sahani ya bati. Walitutoa kambini, wakatuleta jengo kuu, wakatuambia tukae karibu na mlango wa kutokea tusikilize kipaza sauti. Watu wakabanana pale, wamekumbatia mabirika. Mimi nikaenda mlangoni kwa kantini ya zamani, nikatazama. Tangi halionekani. Hata miguu yake haionekani.

Nikarudi nikicheka. "Mbona mmebanana kama kuku sokoni? Leo haondoki mtu kabla ya saa tano. Njoo, Inna, tukanywe chai na kosai, bajia za kunde za moto."

"Wamesema tukae hapa," Inna Delu akasema.

"Waliosema wamekuja juzi. Mimi nimezaliwa hapa. Umeliona tangi la maji?"

"Mimi sioni hata pua yangu."

"Basi. Na rubani naye haoni pua yake."

Wengine wakasita, wakabaki. Yeye akasimama, akafunga vizuri kamba ya birika, akanifuata. Mguu wake nyuma ya mguu wangu.

Kantini ya zamani ilikuwa nyuma, ng'ambo ya ghala, na kipaza sauti hakikufika. Tuliketi. Chai ikaja, kosai zikaja. Nikawa nasimulia, na wapika chai, watu walionijua tangu nikitambaa, wananichokoza, "Leo unaondoka Badamasi, kesho kutwa hutatusalimu bila kuitwa Alhaji!" Nami nawajibu, "Hata leo anzeni kuzoea." Katikati ya maneno ukaja mngurumo. Vikombe vikatetemeka mezani. Mngurumo ukakaza, ukapanda, ukapita juu ya paa letu ndani ya lile vumbi, ukaenda zake mashariki.

Mpika chai akasema taratibu, "Siku hizi zinaruka kwa mashine, Badamasi. Tangi hawaliangalii."

Inna Delu alinitazama. Kosai ilikuwa bado mkononi mwake, imeumwa mara moja.

"Hiyo ni yetu?"

Nilikimbia, akanifuata, birika likimgonga nyongani, ngo, ngo, ngo. Tulipofika mlangoni palikuwa peupe. Ganda la chungwa sakafuni, na mfagiaji.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo nilipoharibu. Kukosa ndege ni ajali, humpata mtu. Kulikuwa na utaratibu. Kila mwaka wako wanaoachwa, kwa ugonjwa, kwa pasipoti, kwa usingizi. Afisa mmoja akatoka na karatasi, akatandika mkeka mrefu katikati ya ukumbi, chini ya saa ya ukutani, akatangaza: "Walioachwa wakae hapa. Anayekaa hapa ataandikwa. Kesho asubuhi kuna ndege ya mwisho, ina nafasi kumi na nne. Asiyekaa mkekani simjui."

Inna Delu akaenda moja kwa moja, akaketi, akanyoosha miguu, akaweka birika pajani. Wakaja wengine, mmoja mmoja. Wachukuzi wakajipanga ukutani kuwaangalia, maana ilikuwa burudani yao ya kila mwaka: kuwatazama walioachwa.

Wale wachukuzi wote nilikuwa nawajua. Niliwahi kusimama nao ukutani pale pale, nikiwacheka waliokaa mkekani. "Huyu amekuja kwa miguu kutoka kwao, amechoka!" "Mama, umemwachia nani mbuzi?" Mimi ndiye niliyekuwa mkali wa maneno kuliko wote. Mkuu wao sasa alikuwa Gambo, rafiki yangu wa kuogelea madimbwini. Akanikonyeza.

"Bwana Badamasi, umekuja kuwacheka na wewe? Si ulishapaa?"

Wakaangua kicheko. Hakukuwa na ubaya ndani yake. Alidhani niko pale kwa shughuli nyingine.

"Ndege yangu ni ya baadaye," nikasema.

"Baadaye ipi? Ya baadaye ndiyo hiyo ya mkekani!"

Inna Delu akapaza sauti kutoka chini: "Njoo, mwanangu! Wewe uliyezaliwa hapa, njoo ukae na sisi tuliozaliwa mbali. Mkeka hauumi."

Ukumbi mzima ukanitazama. Hatua nane, nilizihesabu kwa macho. Hatua nane na kukunja magoti, basi, kesho ningekuwa hewani. Jina la Baba lingefika Arafa. Nililijua hilo wakati ule ule. Sitadanganya kwamba nimelijua baadaye. Nikamtazama Gambo, nikautazama ukuta wa wachukuzi, wote wamekwisha kufungua midomo kungojea.

Nikasema, "Nakwenda kumwona mkubwa mmoja." Nikatoka kwa mlango wa mizigo.

Sikumwona mkubwa yeyote. Nilipanda lori la karanga hadi Kaura Namoda, mji wa mbali, na huko nikakaa siku thelathini na nane, nikishona magunia katika ghala la mtu asiyenijua. Siku ya Arafa ilinikuta na sindano mkononi. Nilisimama katikati ya magunia, nikafungua mdomo nitaje jina la Baba, nikaona haya hata mbele ya magunia. Nikaketi.

Kwa nini sikurudi nyumbani nikasema nimeachwa? Watu wameshaniuliza hivyo, yaani nafsi yangu imeniuliza, maana watu hawakujua. Ningerudi vipi? Ngoma zilikuwa zimepigwa. Na Baba angeuliza kwa nini, na jibu lilikuwa kosai.

Mahujaji walipoanza kurudi, nilinunua kanzu nyeupe, kilemba cha Kiarabu na tasbihi, vyote soko la Kurmi, mji ule ule wa Kano, nikiwa nimejifunika uso. Siku ya ndege yetu nikaingia kwa mlango wa mizigo, nikajibanza nyuma ya matoroli ya masanduku mpaka ndege ikatua. Walipoanza kushuka na kumiminika kwenye ukumbi wa kupokelea, nikachomoka, nikajitia katikati yao. Ilikuwa rahisi. Kila mtu mweupe, kila mtu analia.

Na kila mtu anapiga kelele. "YUKO WAPI BINTI YANGU?" "SANDUKU LANGU NI LA BULUU!" "ALHAMDULILLAHI, TUMERUDI!" Watu mia mbili, masikio yameziba, kila mmoja anadhani ananong'ona.

Nje ya kizuizi nikamwona Baba. Gambo alikuwa amemshika mkono. Amevaa joho lake jekundu la kazi, limepauka kama tofali la zamani, na kakaki amelisimamisha kama mnara. Kumbe alipoisikia ndege ikishuka alilipuliza. Nilikuwa nyuma ya matoroli, nikalisikia, nikadhani moyo wangu umepasuka. Miaka kumi hakuwa amepuliza. Amempulizia mwanawe ndani ya ndege, na mwanawe alikuwa amechutama kando ya sanduku la mtu.

Kabla sijamfikia, mkono ukanishika kanzu. Inna Delu. Amekuwa mweusi zaidi, macho yanang'aa, birika bado liko kiunoni. Akanitazama kilemba, akanitazama tasbihi, akanitazama miguu: ndala zangu zilikuwa na vumbi jekundu la Kaura Namoda. Akafungua mdomo aniambie jambo la siri, kisha akakumbuka kwamba masikio yake yameziba na siri ingekuwa tangazo. Akaufunga mdomo. Akaweka kidole juu yake. Sijawahi kuona mtu akinihurumia kiasi kile, na afadhali angenipiga.

Kisha akanitangulia hadi kwa Baba, akamwekea mikononi kidebe kidogo cha bati.

"MALAM BARAU!" Watu wote waligeuka. "MIMI NI DELU! MAJI YA ZAMZAM HAYA! NIMEKUBEBEA MIMI, SANDUKU LA MWANAO LILIJAA! NA ARAFA UMETAJWA! BARAU MWANA WA TANKO, ALIYEPULIZA! NIMESEMA KWA MDOMO WANGU!"

Nilikuwa nimemsimulia pale kambini, moja ya masimulizi yangu ya kujionyesha. Yeye akalibeba.

Baba akalikumbatia debe. Uso wake ukafunguka kama wa mtoto. "Mungu akulipe, mama. Mungu akulipe. Na Badamasi yuko wapi?"

"Niko hapa, Baba," nikasema.

Nilisema kwa sauti yangu ya siku zote. Ya taratibu.

Akageuza kichwa. Macho yale meupe hayakuona kitu, lakini sikio lake la kulia lilinielekea, kama alivyokuwa akilielekeza zamani juu ya Meja. Pale pale Inna Delu bado anapiga kelele, mzee mmoja nyuma yetu anapiga kelele, ukumbi mzima unanguruma.

"Safari ilikuwaje, mwanangu?" akauliza. Na aliuliza kwa sauti ya chini, ya chini sana, chini kuliko mtu anavyoweza kuongea mahali kama pale akitaka kusikiwa.

Nami, mpumbavu, nikajibu bila kusita: "Salama, Baba. Namshukuru Mungu."

Uso ule uliofunguka ukarudi ulivyokuwa, polepole.

"Masikio yako ni mazima," akasema.

Hakuuliza. Nikaelewa wakati ule ule, lakini miguu yangu haikuwa na pa kwenda. Mkono wangu ulikuwa umenyooka kumpokea kakaki. Akalipitisha kando yangu, akampa Gambo.

"Nibebee wewe," akamwambia. "Huyu amechoka na safari."

Mtaani walipiga ngoma siku tatu. Alhaji huku, Alhaji kule. Watoto wanabusu mkono. Ndani ya nyumba ile mtu mmoja tu aliendelea kuniita Badamasi.

Hakunisema. Laiti angenisema. Kila Ijumaa baada ya sala alinikalisha karibu naye, akauliza, "Arafa kulikuwaje?" Ananiachia mlango wazi, unaona. Nami kila Ijumaa naupita: namsimulia jua, mahema, umati, vitu nilivyovidokoa kwa mahujaji wa kweli. Anasikiliza kama mtu anayesikiliza ndege iliyo mbali, akitaka kujua inakuja au inakwenda. Nikimaliza anasema, "Haya." Miaka minne, kila Ijumaa. Kisha Ijumaa moja hakuuliza. Nilimkalia karibu, nikangoja aulize. Akaniomba fura, uji wa mtama na maziwa. Nikampa. Hakuuliza tena mpaka alipokufa.

Baada ya arobaini yake niliondoka. Sikupita uwanjani, nilikwenda kwa ardhi, kama babu zetu. Maiduguri, Chad, nchi ya Sudani, nikichimba visima, nikichunga ng'ombe wa watu, nikiuza maji, nikiugua, nikifungwa mara moja kwa kosa la mwingine. Miaka saba. Nilivuka bahari kwa meli ya kondoo. Na siku ya Arafa nilisimama juani nikataja, Barau mwana wa Tanko, aliyepuliza. Nilijua nilikuwa nataja jina ambalo lilikwisha kutajwa na mwanamke niliyemkosesha ndege.

Nauli ya kurudi niliipata kwa kazi ya jikoni Jidda. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kupanda ngazi ya ndege, nina miaka arobaini na minne, mtoto wa uwanja. Sikujua mkanda unafungwaje. Msichana wa ndege alinifunga.

Ndege ilipoanza kuteremka Kano, nilihisi kitu kama vidole viwili vya unga vinaniingia masikioni. Vikazama. Dunia ikanyamaza. Nilishuka ngazi nikiwa siisikii hata miguu yangu.

Jengo lilikuwa jingine, mapangaboi hakuna, kuna mashine za baridi. Watu wa mtaa wetu wachache walikuwa wamesikia, wakaja. Niliona midomo yao. Mmoja akanifikia sikioni akapiga kelele: "Hongera, Alhaji! Hija ya pili hii!"

"YA KWANZA!" nikasema.

Wakatazamana. Wakacheka kwa heshima, wakanipapasa mabega kama mtu aliyepigwa na jua.

Nyuma yao alisimama Gambo, nywele nyeupe, bado na namba ya shaba kifuani. Hakucheka. Akanijia polepole, akasimama mbele yangu, midomo yake ikacheza kidogo. Sauti ya chini. Ya chini sana.

"NINI?" nikasema. "SIKUSIKII, GAMBO! SEMA KWA NGUVU!"

Akanitazama kwa muda. Kisha akageuka, akaingia stoo ya wachukuzi, akakaa humo mpaka watu wakaanza kuuliza. Alipotoka alikuwa amebeba kakaki, limefungwa kwa joho jekundu lililopauka. Akanipa. Akaweka mdomo wake kwenye sikio langu, na hapo nikasikia kwa mbali, kama mtu anayeongea ndani ya kisima:

"Alisema nikupe siku utakayoshuka."

"ALISEMA LINI?"

"Siku ile ile. Njiani kwenda nyumbani, wewe uko mbele na ngoma zako."

"ALIJUA?" nikasema. "ZILE IJUMAA ZOTE, ALIKUWA ANAJUA?"

Gambo akaitika kwa kichwa, akatazama pembeni, maana ukumbi mzima ulikuwa umegeuka kuniangalia. Nilikuwa napiga kelele kuliko wote.

Nikaliweka kakaki begani, nikaufuata mlango. Lilikuwa refu kuliko nilivyolikumbuka. Wanasema wakati wa kutoka liligonga kizingiti kwa kishindo, watu wakaruka. Mimi sikusikia.